Taa ya Breki ya Baba

Ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni ya mche, na dada yangu aliibeba kwa mikono miwili utadhani ni kifaranga. "Pawasaplai," akaniambia, macho yakiwaka. Aliing'oa ndani ya mashine ya muziki ya kanisa letu pale Malinya, mashine iliyozimika katikati ya harusi mpaka mchungaji akasema ni takataka, anayetaka achukue. Kazi yake ni kuupokea umeme mkali wa ukutani na kuutoa ukiwa volti kumi na mbili, mpole. Dada aliapa kwamba itaendesha redio ya pikapu ya Baba, ile iliyoota nyasi nyuma ya zizi.

Baba alikuwa ameweka sharti. Fomu ya chuo cha ufundi kule Sigalagala ilitakiwa Jumatatu, na bila saini yake dada angepelekwa kujifunza kushona. "Redio iimbe kabla ya Jumapili kuisha," alisema. "Ikikataa, ni cherehani."

Jumapili, baada ya ibada, tukatoa meza barazani. Dada alikuwa ameshabadilisha fyuzi, na pia kapasita, kile kikopo cha kutunza umeme, iliyovimba kama tumbo la ndama. Alifanya kazi kwa mkono mmoja, wa pili kauficha mgongoni, umeme usije ukapata njia ya kupitia moyoni. Mafundi huuweka mfukoni, lakini gauni lake la kanisani halikuwa na mfuko.

Akawasha. Tik. Tik. Tik. Kama mjusi darini. Mshale wa mita ya kupimia volti ukaruka, ukaanguka kwenye sifuri. Akakagua kila kiungo, akawasha tena. Tik. Tik.

Baba akapita akimpeleka fahali wake kunywa maji, yule aliyekuwa ameshinda pambano la mafahali uwanjani jana yake. Furaha ilikuwa bado haijamtoka Baba.

"Mukhana, binti yangu, imekufa?"

"Nimetengeneza yote, Baba. Haitaki tu."

"Umeifungia nini?"

"Sijaifungia kitu. Redio ni moja, isije ikaungua. Nataka kwanza itulie peke yake."

Baba akacheka mpaka kamba ikamponyoka. "Peke yake! Na huyu wangu nikimwingiza uwanjani bila mwenzake? Atachimba mchanga mara mbili, atoe pumzi, arudi kula majani. Ipe mtu wa kusukumana naye!"

Dada akasimama wima. "Baba, sema tena!"

"Niseme nini?"

Lakini alishakimbia nyuma ya zizi. Akarudi na taa ya breki ya pikapu, akaiunganisha na pawasaplai kwa nyaya mbili, ipate mzigo wa kusukumana nao, akawasha.

Ikawaka! Nyekundu, imara, bila kupepesa, na mshale wa mita ukasimama kwenye kumi na mbili kama askari. Nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. Akatoa taa, akaweka redio, na mtangazaji akaingia barazani kwetu akisoma salamu za wasikilizaji. Mama akatoka jikoni na mwiko wa obusuma, ugali wetu, mkononi, akacheza hivyo hivyo, unga ukimdondoka.

Baba hakucheza. Alimfunga fahali kwenye nguzo, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Lete hiyo fomu."

Akatia saini pale pale mezani, katikati ya vipande vya waya, polepole, kama mtu anayechonga jina lake mtini.

"Na taa yangu ya breki uirudishe mahali pake," akasema, ingawa pikapu ile haikuwa na gurudumu hata moja.