Kilima cha Xiaoman

Malori ya kuwahamisha yangekuja Jumamosi. Tong Suqin alikuwa na siku tatu za kumtoa mumewe neno alilolificha miaka arobaini na miwili, na mumewe amekaa mlangoni anamenya vitunguu saumu kama mtu asiyehama popote.

"Baba Guilan, nakuuliza tena. Ulimzika wapi?"

"Vitunguu vya mwaka huu vidogo," alisema Hou Delu.

"Sikukuuliza vitunguu!"

Delu akatazama ndani ya bakuli. Alikuwa mzee mpole, asiyempigia kelele hata mbwa, lakini kwa swali hili moja alikuwa jiwe.

Xiaoman alikuwa mtoto wao wa kwanza, kabla ya Guilan. Alizaliwa ngano ikijaza suke, akafa kwa homa kabla hajamaliza baridi yake ya kwanza, meno mawili tu mdomoni. Desturi ya pale ilikuwa kali. Mtoto mchanga hajengewi tuta la kaburi wala halaliwi matanga. Baba humfunga kwenye mkeka, humtoa kabla ya jua, akirudi hasemi alikopita. Mama hasindikizi, hahoji, na machozi yake huyameza, eti yasije yakaiita roho irudi. Suqin alikuwa na miaka ishirini na mbili. Aliyameza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na waliotunga desturi ile nadhani hawakuwahi kunyonyesha.

Waliishi ndani ya Bustani ya Yuanming, na hawakuivamia. Babu wa babu yake Suqin alikuwa mtunza mayungiyungi enzi ambazo wafalme, kila baridi ikipungua, waliikimbia kasri yao ya mjini wakaja kupumzika huku kwenye maziwa na vilima. Vilima vyenyewe vilitengenezwa kwa mikono: palipochimbwa ziwa, udongo wake ulirundikwa kando, ukapandwa misonobari, mfalme akaupa jina tamu kana kwamba Mungu ndiye aliyeuweka pale. Kisha majeshi ya Waingereza na Wafaransa yakaja kuteketeza kila kitu. Babu yule alijificha majini kati ya mayungiyungi, maji shingoni, akitazama kumbi zikiungua. Wakubwa wakatawanyika. Watunza bustani hakuna aliyekumbuka kuwafukuza, basi wakabaki, wakalima, wakafuga. Zizi la nguruwe la Suqin lilikuwa na kizingiti cha marumaru iliyochongwa mawingu.

Sasa, mwaka wa elfu mbili, walikuwa wamekumbukwa. Bustani itarudishwa ilivyokuwa, maziwa yatachimbuliwa upya, na wanakijiji watapewa nyumba za ghorofa.

"Ghorofa ya tano!" alilalama jirani yao, mama Fu, akifunga masufuria yake. "Tumbo likinishika usiku nitafika chini nimeshamaliza."

"Choo kimo ndani, mama Fu."

"Ndani? Tule humohumo na kunya humohumo? Hata nguruwe wangu wana adabu kuliko hivyo!"

Wengine walibishana juu ya ukubwa wa vyumba. Suqin hakubishana na mtu. Alitaka kitu kimoja tu: kumtoa Xiaoman, akamlaze pamoja na wazee wake. Makaburi yote ya kijiji yalikuwa yameandikwa na kuhamishiwa vilima vya magharibi, lakini Xiaoman hakuwa na tuta, kwa hiyo hakuwemo kwenye orodha. Kijana wa ofisi ya kuhamisha watu alimsikiliza vizuri, hilo lazima lisemwe.

"Nionyeshe mahali tu, bibi, nami nitaleta watu wachimbe kwa mikono. Ila iwe kabla ya Jumamosi. Mashine zikishaanza sina uwezo wa kuzisimamisha."

Jumatano Delu alizungumzia vitunguu. Alhamisi alizungumzia mvua. Ijumaa asubuhi Suqin alichukua jembe, akaenda nyuma ya zizi, akaanza kuchimba. Alichimba shimo hadi magotini, akasogea hatua mbili, akaanza jingine.

"Mama Guilan, unafanya nini?"

"Namtafuta mwanangu. Bustani si kubwa. Nitaimaliza."

Akaendelea. Kwenye shimo la tatu mpini ulimchubua kiganja, damu ikatoka. Delu akaja akalishika jembe.

"Hapa hayupo," alisema. "Twende."

Alimpeleka hadi kwenye shamba la mpunga lililokwishavunwa, akaingia kati ya mabua, akasimama.

"Ni hapa?"

"Hapa. Na pale. Pote hapa."

"Delu, usinichezee."

"Nilimweka juu ya kilima, chini ya msonobari, upande wa jua. Nilisema moyoni, nyumba huvunjwa, lakini kilima hakihami."

Suqin akageuka huku na huku. "Kilima gani? Hapa hakuna kilima."

Lakini alipokuwa akisema hivyo alishakumbuka. Baridi iliyofuata kifo cha mtoto, kijiji kizima kiliitwa kazini kwa amri ya serikali. Ziwa lijazwe, upatikane mpunga. Kilima kibomolewe, udongo urudi ulikotoka. Wanaume walichimba. Wanawake walibeba mizega, mti begani na kikapu kila ncha, bendera nyekundu zikipepea na nyimbo zikiimbwa. Suqin aliwashinda wote kwa mbio, akatunukiwa kikombe cha bati. Na mpunga wa shamba lile ndio waliokula miaka yote, ndio uliomlea Guilan.

"Na wewe ulikichimba," alisema.

"Niliomba upande ule. Nilidhani nikichimba mwenyewe nitamwona wa kwanza, nimfiche pengine. Ardhi ilikuwa imeganda, tukaipasua kwa sururu, ikatoka mapande mapande. Nilipouona mkeka ulikuwa umeshaingia kikapuni."

"Kikapu cha nani?"

Delu aling'oa bua moja la mpunga.

"Baba Guilan. Kikapu cha nani?"

"Chako. Ulishanyanyua mzega. Ulikuwa unacheka na mama Fu. Tangu afe hukuwa umecheka hata siku moja. Ningekwambiaje?"

Suqin aliketi chini palepale kwenye matope.

"Cha mbele au cha nyuma?" aliuliza baadaye.

"Cha mbele."

Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kilio cha msiba ambacho hakuruhusiwa akiwa na miaka ishirini na mbili, na Delu akapiga magoti kando yake, naye akalia. Alimchukia mumewe kwa kitambo, kwa ule ukimya wake, kisha akamhurumia kuliko alivyowahi, maana mzee yule alikuwa amekula kila bakuli la wali akijua.

Jioni kijana wa ofisi alipita na orodha yake. "Mmepapata mahali, bibi?"

"Udongo mtakaochimba kwenye shamba lile la mpunga mtaupeleka wapi?"

Kijana akafungua ramani. "Pale. Palikuwa na kilima. Tutakirudisha."

"Basi usiandike kitu," alisema Suqin.

Jumamosi mashine zilianza mapema. Lori la vyombo lilipiga honi mlangoni mwa kina Hou mpaka mama Fu akalitukana, lakini wenyewe hawakuwapo. Suqin alisimama kando ya shamba hadi lori la kwanza la udongo lilipojaa, akalifuata kwa miguu, na Delu nyuma yake. Lilipomwaga mzigo alirudi, akalifuata la pili. Kwenye la tatu dereva alitoa kichwa dirishani, vumbi limemjaa nyusi.

"Bibi, utagongwa! Unatafuta nini huku?"

"Endesha polepole, mwanangu," alisema Suqin. "Nasindikiza maiti."