Modesta na Mvua ya Kwao

Mwone Modesta akiingia uani: viatu mkononi, tope la milimani limekaukia kwenye kitenge, na miguu inatimua vumbi la hapa. Ametoka kwa kaka yake Joram, juu kabisa Tarime. Yeye ameolewa huku chini, ng'ambo ya Mto Mara.

Misimu miwili Joram akipiga simu kusema imenyesha kule kwao, Modesta alikuwa anashika jembe. Ulivyolelewa ndivyo unavyolima, bwana. Ulezi wote ukaliwa na sisimizi, mvua isionekane. Mama mkwe wake, Wegesa, hakuacha kumsimanga. Aliwaambia majirani mwanawe ameoa mke anayelima shamba la huku kwa mawingu ya ukweni.

Msimu huu Modesta alitega makopo mawili yanayolingana, moja kwa Joram, moja hapa, kila moja na rula yake. Mwezi mzima wakapima. La Joram lilipojaa vidole vinne, la hapa halikulowa hata kitako.

Jioni ya siku aliyorudi kutoka kwa Joram, wakichagua mbegu, akamweleza mama mkwe taratibu. Upepo unatoka Ziwani na unyevu wake. Ukifika milimani hauna njia ila kupanda, na kule juu ni baridi, basi ule unyevu unageuka matone, kama jasho chini ya kifuniko cha sufuria. Yakiwa mazito yanaanguka.

"Mama, upepo ukishavuka milima ukateremka huku, mzigo umeshautua kwa Joram."

"Kwa hiyo sisi ndiyo basi?"

"Tunayo mvua yetu. Jua likichemsha ardhi, mawingu yanapanda hapahapa, alasiri. Ila huchelewa, na hainyeshi kila shamba."

Wegesa alicheka, akasema kumbe watu wa ukweni si wachawi, wana bahati tu.

Jana alasiri ikanyesha. Nzuri, lakini fupi. Modesta alipochimba, unyevu uliishia kidole kimoja. Leo anga ni jeupe. Mbegu imebaki debe moja, hakuna nyingine. Akipanda na jua likakaza, imekwisha. Akingoja na ile ikawa ndiyo mvua yenyewe, msimu umempita.

Wegesa amesimama kando ya shamba, jembe begani, na leo hana mzaha.

"Mwanangu, leo nakufuata wewe. Tupande, au tungoje?"

Modesta ameinama, udongo kiganjani, anaufinya. Ungekuwa wewe, ungemjibuje?