Mizani Iliyojibu Kabla Yangu

Ghala langu la maharage hapa Sumbawanga nimelijenga kwa mikono yangu, hakuna aliyenibeba. Shule niliiacha mapema. Kwa hiyo binti yangu, anayefanya kazi halmashauri kule Matai, aliponiletea kompyuta yenye mfumo wa Linux na kuiunganisha na mizani ya magunia, niliapa nitaifungua mwenyewe. Sitaki karani wa kunifungulia kitu changu.

Alichukua likizo kunifundisha. Unawasha, kioo cheusi kinauliza jina, unaandika. Kinauliza neno la siri, unaandika, umeingia. Jioni, ghala likiwa tupu, naingia vizuri. Asubuhi inanikataa! Neno la siri halijafika hata nusu, inasema nimekosea. Nikirudia rudia, inanifungia kabisa.

"Baba, unakosea herufi."

"Sikosei. Hiki kitu kina dharau."

Likizo ikawa inaisha. Nikamsikia kwenye simu akiulizia karani. Nikaiacha chai mezani, nikarudi kwenye kibodi.

Asubuhi iliyofuata akakaa pembeni kunitazama. Nikaandika jina langu. Akaingia bibi anayeniletea maharage tangu nikiuza kando ya barabara. Sisi Wafipa hatumsalimii mtu tumesimama kama nguzo. Bibi akachuchumaa, akapiga makofi taratibu. Na mle ghalani, penye usafi pa kuchuchumaa ni juu ya mizani tu, ndipo kila anayeingia asubuhi anaponisalimia.

Kioo kikasema nimekosea, wala sijagusa herufi hata moja ya neno la siri. Binti akaruka. "Bibi, usiinuke! Baba, tazama kioo!"

Kumbe mizani ikitulia, inatuma uzito kwenye kompyuta kama vile mtu ameuandika kwenye kibodi na kubonyeza kitufe cha kuingia. Kompyuta imeniuliza mimi neno la siri, mizani imejibu kwa kilo za bibi.

"Basi mchawi ni mimi," bibi akasema, bado amechuchumaa. "Na kilo zangu mmeziona?"

"Hatujaziona, bibi," binti akadanganya. Kisha akanigeukia. "Tuwakataze watu kusalimia hapo juu."

"Mama, huyu alinipa maharage wakati sina hata gunia la kuyatia. Leo nimwambie asinisalimie, kisa kompyuta? Ifundishe adabu hiyo kompyuta yako."

Akacheka, akavuta kiti. Alipomaliza alinieleza polepole, kama mimi nilivyomweleza zamani namna ya kupanda mahindi. Ameweka programu ndogo inayoamka pamoja na mashine na kuishika mizani peke yake. Namba za mizani ziende kwenye hesabu ya magunia tu. Pale pa kuuliza jina na neno la siri, kompyuta isikilize kibodi, basi.

Kesho yake akapanda gari la Matai. Hakutaja karani, nami sikuuliza.

Nilibaki na baridi ya asubuhi na kile kioo cheusi. Nikaandika jina. Nikaanza neno la siri, bibi huyo mlangoni, moja kwa moja juu ya mizani, makofi.

"Mzee, hakijakufukuza bado?"

Nilitoa vidole kwenye kibodi. Nikapiga makofi nikamwitikia, nikamuuliza habari za shamba na za wajukuu, sikuharakisha. Halafu nikarudi kumalizia herufi zangu pale nilipoziacha. Ikafunguka.

Simu ikalia. "Baba, umeingia?"

"Niko ndani, mama. Na bibi yako anakusalimia. Kachuchumaa palepale."

Nikasikia analia, anapenga kamasi, mtu mzima wa ofisini.