Kuku wa Uzazi

Nina hasira za karibu, na mama mkwe wangu analijua hilo tangu aliponipokea Mhunze kama mkamwana wake. Lakini kumpigia kelele uani kwake, majirani wakisikia, sikuwahi kuthubutu kabla ya siku ile.

Nilikuwa nimempeleka binti yangu, mimba ikiwa kubwa, aagane na bibi yake kabla hajarudi Buseresere kwa mumewe kujifungua. Bibi alikuwa amemfugia kuku wa supu ya uzazi. Tulipofika, kuku wale walikuwa wamezubaa, shingo zimelegea, wengine wameshakufa. Kwetu kuku akianza kusinzia hasubiriwi afe. Anachinjwa upesi ili nyama iokolewe. Bibi alikuwa ameshabandika maji ya kunyonyolea. Akamwita mjukuu wake, "Njoo mayu, nishikie mabawa."

Binti akanyoosha mikono.

"Usimguse!" nilipiga kelele.

Kliniki, muuguzi alikuwa ametueleza habari za mafua ya ndege. Alisema kirusi chake bado hakihami kirahisi kutoka mtu hadi mtu, ila siku kikibadilika kikaweza, dunia nzima itakuwa haina kinga, na wajawazito ni miongoni mwa watakaozidiwa zaidi. Nikamfikiria mume wa binti yangu, mchimbaji, walivyobanana na wenzake ndani ya duara, shimo lao la dhahabu. Akikohoa mmoja, wote wanavuta pumzi ileile. Hospitali gani ingewapokea wote kwa mpigo?

"Unanifokea kwangu," mama mkwe alisema taratibu. "Kwa kuku niliowafuga kwa ajili ya damu yangu."

Hakunisemesha tena. Daktari wa mifugo niliyemwita alichukua kuku mmoja akapime, akaagiza waliokufa wafukiwe, na asiwashike mtu kwa mikono mitupu. Kisha mama mkwe akaanza kukohoa, homa ikampanda. Nilimuuguza nimejifunga kitambaa puani, binti nikamhamishia kwa jirani. Kila bibi alipokohoa, nilimwona mwanangu na kilichomo tumboni mwake. Niliogopa, sikufichi.

Majibu yakaja. Kilikuwa kideri, ugonjwa wa kuku tu. Homa ya bibi nayo ikapita. Majirani walinicheka hadi gengeni, na yeye akazidi kuninunia.

Binti alijifungua salama kwa mumewe, nami nikaenda kumsaidia. Bibi akapanda basi hadi Buseresere, nasi tukamtandikia mkeka ampakate kitukuu chake. Alipofika mlangoni akasimama, pua ameiziba kwa kanga.

"Nimeshikwa na mafua njiani," alisema. "Mwacheni mtoto hukohuko ndani."

"Mafua tu hayo, mama," nilimwambia kwa aibu.

"Hata kile kilikuwa kideri tu," akajibu.

Akavuta kigoda, akakaa nje, akaniomba nimnyanyue mtoto dirishani amwone.