Gari la Mwalimu

Meshack alikuwa ofisa utumishi katika wizara moja pale Mtumba, Dodoma, na kwa miaka mingi alikwenda kazini kwa kuomba lifti. Alikaa kiti cha nyuma cha gari la mwenzake, na kila gari lililowapita lilimchoma. Alitamani siku moja watu wamwone yeye kwenye usukani. Alikuwa mzaliwa wa Bahi, amemwoa Hilda, mwalimu wa sekondari, nao waliishi Kizota na mtoto wao Kefa.

Hatimaye mume na mke walikubaliana kutafuta gari kuukuu, la bei nafuu, wanalolimudu, wapate kulitumia kila siku na papo hapo wajifunzie ufundi. La kwanza kuonyeshwa lilikuwa jekundu, limepuliziwa rangi upya, linang'aa. Meshack alilipenda pale pale. Hilda akainua kapeti ya miguuni, wakaona ardhi kupitia tundu la kutu. Wakaondoka, Meshack akiwa amenuna.

La pili lilikuwa Corolla nyeupe iliyopauka, kiti cha dereva kimechanika. Hilda alikuwa amempigia mwenye gari mapema, akamwomba asiliwashe kabla hawajafika, maana alisoma mahali kwamba injini iliyokwisha kupata moto huficha ubovu wake. Likawaka kwa jaribio la kwanza tu, bila moshi. Vipuri vyake vilikuwa vimejaa maduka yote ya Kizota. Wakalichukua. Jumatatu ofisini Meshack aliwasimulia wenzake habari ya kuiwasha injini ikiwa baridi, akaisimulia kama wazo lake.

Siku za Jumamosi walikwenda gereji kwa Raphael, fundi wa jirani aliyekubali kuwafundisha. Meshack alikuwa na pupa. Siku moja alilazimisha plagi ikaingia upande, Raphael akaiwahi kabla haijaharibu nyuzi za tundu lake, kisha akampa Hilda spana.

"Mwalimu, hebu jaribu wewe."

Hilda akaizungusha kwanza kwa vidole, taratibu, mpaka ikakaa. Raphael akacheka kwa kuridhika. Meshack naye alicheka, lakini kicheko hakikushuka tumboni.

Tangu siku hiyo akaanza kupeleleza. Hilda akichelewa kutoka shule, aliuliza alipitia wapi. Simu yake ikilia, aliitupia jicho. Mara moja, Hilda akiwa anaoga, aliifungua na kuusoma ujumbe wote wa Raphael. Akakuta picha za mikanda, za bolti, za pedi za breki zilizokwisha. Hapakuwa na neno hata moja la kumshtua, na bado roho haikutulia. Yeye hakuwahi kutumiwa picha yoyote.

Jumatano moja, shule zikiwa zimefungwa na Hilda amelipeleka gari kwa Raphael, Meshack aliomba ruhusa kazini, akaenda gereji bila kumwarifu mke wake. Raphael hakuwepo, alikuwa amekwenda kununua vipuri. Hilda alikuwa chini ya gari peke yake, miguu tu ndiyo ikionekana. Wateja wawili walikuwa wakimtazama, mmoja akauliza Corolla hiyo ni ya nani. Mwenzake akamjibu kuwa ni gari la mwalimu.

Meshack hakumsemesha mke wake. Alirudi nyumbani kwa bodaboda, na jioni akatangaza kwamba kuanzia sasa gari atalitengeneza mwenyewe. Jumamosi, Hilda alipokwenda kwenye shughuli ya jirani, Meshack alibadilisha mpira wa kupitisha maji ya rejeta, uliokuwa umeanza kupasuka. Alipomaliza alijiona mwanaume kamili.

Jumapili baada ya ibada walimwacha Kefa kwa jirani, wakafunga safari kwenda Bahi kumsalimia mama yake Meshack. Kabla hawajafika majaruba ya mpunga, mvuke ulifuka kutoka kwenye boneti. Meshack akaegesha, akaruka nje, akanyoosha mkono kufungua mfuniko wa rejeta. Hilda akamdaka kiwiko.

"Utaungua uso. Acha lipoe."

Wakakaa chini kando ya barabara. Gari lilipopoa Hilda akainama, akaugusa ule mpira, ukacheza. Bangili ya chuma inayoubana haikuwa imekazwa. Hakuuliza nani aliufunga.

"Baba Kefa," akasema, "kama ni Raphael anayekusumbua, niambie, nitaacha kwenda kwake leo hii. Lakini sidhani kama ni Raphael."

Meshack alitazama ng'ombe waliokuwa wakivuka kwa mbali.

"Ni wewe," akasema mwishowe. "Nilitaka watu wakiliona hili gari wanitaje mimi."

"Nilijua." Sauti ya Hilda haikuwa na hasira, ila ilikuwa imechoka. "Lakini siwezi kusahau nilichojifunza ili wewe ulale vizuri."

Akakaza bangili, akamwomba mchunga wa wale ng'ombe maji ya dumu lake, akayamimina polepole kwenye rejeta. Walifika Bahi wamechelewa na chakula kimepoa. Mama alipouliza kilichowaweka njiani, Meshack alimweleza kila kitu, hata kwamba mpira aliufunga yeye. Mama akamcheka sana, akampa Hilda mchele wa kubeba.

Raphael anaendelea kumwita Hilda mwalimu, na Meshack bado wivu unampanda. Juzi jirani, Castory, alikuja kugonga mlango, gari lake limegoma kuwaka. Meshack ndiye aliyefungua, lakini Castory akachungulia nyuma ya bega lake na kumuulizia mama Kefa. Meshack alibaki kidogo mlangoni, kisha akamwita mke wake. Hilda alipotoka, Meshack alimfuata hadi kwenye gari la Castory, akasimama upande wa pili wa boneti na kuuliza aanzie kushika wapi.