Ganda Lisilojibu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba anayenyamaza amekataa.

Nyumbani kwetu Nyalukemba tulilelewa hivyo. Maman akikutuma, unarudi kumwambia umemaliza. Mutoto akikaa kimya, maman anajua kuna kitu kimeharibika. Kwa hiyo nilipoanza kujifunza peke yangu ile skrini nyeusi ya kompyuta, isiyo na picha za kubonyeza bali amri za kuandika tu, ukimya wake ulinichosha kuliko umeme unaokatika.

Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa anamaliza TFC, kazi yake ya mwisho ya chuo. Ilipaswa kufika fakilteni Jumatatu. Kila sura ilikuwa faili yake kwenye laptop yangu, na mimi sivumilii faili zilizotawanyika. Nikataka kuzihamishia zote katika folda iitwayo "mwisho". Niliandika amri ya sura ya kwanza. Kimya. Nikadhani imekataa, labda ya pili itakubali. Nikabonyeza mshale wa juu, amri ikarudi kama nilivyoiandika, nikabadilisha namba ya sura tu. Kimya. Niliendelea hivyo hadi sura ya mwisho, kwa hasira ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye watu.

Hakuna iliyokataa. Folda sikuwa nimeitengeneza, basi mashine ilichukua "mwisho" kuwa jina jipya la faili, na kila sura ikafuta iliyotangulia. Ilibaki moja.

Baadaye nilisoma kwamba programu ya ile skrini nyeusi huitwa ganda, kwa kuwa inazunguka kiini cha mfumo na kupokea maneno yetu kwa niaba yake. Walioianzisha walitumia mashine zilizochapa kila jibu kwenye karatasi, polepole. Ndiyo maana amri zake ni fupi, na iliyofaulu haisemi kitu.

Nilizunguka nyumba muda mrefu kabla ya kumwambia yaya. Alikuwa anapiga pasi blauzi ya Jumatatu.

"Sasa ilikuambia nini?"

"Haikusema kitu, yaya."

"Na weye haukuuliza?"

Sikuuliza. Ingetosha amri ya herufi mbili kuonyesha faili zilizopo.

"Kumbe muko sawa," akasema. "Yenyewe inanyamaza, na weye unanyamaza."

Alikuwa na nakala ya karatasi, imejaa kalamu nyekundu ya mwalimu wake. Jumapili hatukwenda misa. Yeye alisoma, mimi niliandika. Betri ilipokwisha tulibeba laptop kwa jirani mwenye sola. Kazi ilifika Jumatatu, ikiwa na namba za kurasa zilizokosewa. Bado naziona nikifumba macho.

Siku hizi natengeneza folda kwanza, na baada ya kila amri nauliza kilichomo. Yaya hajanipa faili zake tena.