Kadi Chini ya Kitanda cha Karani

Habari za kifo cha yule karani mzee wa masjala zilinikuta bombani mtaani Mbotela, mikono imejaa povu la nepi. Aliyezileta alizisema kama mtu anayeuliza bei ya mboga za sukuma. Nikasimama tu, maji yakimwagika, nikauona tena ule ujia mrefu wa ofisi ya kuandikisha vizazi, wenye harufu ya gundi na vumbi, na mwisho wake kile chumba cha kioo ambamo kanda za kompyuta zilizunguka polepole, polepole, hata mtu akasahau kilichomleta.

Mimi nililetwa na cheti cha binti yangu. Mwalimu mkuu alisema bila cheti kufikia Ijumaa, nafasi ya darasa la kwanza inakwenda kwa mwingine. Kijana wa kompyuta akabonyeza, akangoja, akaniambia, "Mama, huyu mtoto hayumo. Pengine hukumzalia huku." Mtoto mwenyewe alikuwa ameshika sketi yangu, anahesabu vigae vya sakafu. Nilimwuliza kijana kama anataka nimzae tena hapo kwenye kaunta ili safari hii aandike vizuri. Foleni ikacheka. Mimi sikucheka.

Ni yule mzee aliyenivuta kando akanieleza. Kanda zilikuwa haba, kwa hiyo mtu alichukua ile yenye vizazi vya mwaka ule akaandika mambo mengine juu yake, vizazi vikafutika. Nakala haikuwepo. Na kadi za karatasi? Amri ilikuwa kadi ikishaingia kwenye mashine, itolewe. Zilikwenda mtaani Muthurwa kwa magunia, wauza njugu wakazikunja vifuko. Mzee hakuipenda amri hiyo. Alizibeba alizoweza, chache chache ndani ya koti, akazipanga chini ya kitanda chake kule mtaa wa Kaloleni, kwa mwezi na kwa mtaa. Kesho yake alikuja na ya binti yangu.

"Binti yangu," akaniambia, "mimi sina ugomvi na mashine. Nina ugomvi na mtu anayetupa kabla hajasoma."

Kwa kosa hilo aliandikiwa barua ya onyo. Akaiweka kwenye faili, mahali pake, kwa tarehe.

Binti yangu sasa yuko darasa la tatu. Mama mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwangu alijifungua wodi ile ile, wiki ile ile, na kadi ya mwanawe haikuwemo katika zile za mzee. Yule mtoto alikaa mlangoni mwaka mzima akiwatazama wenzake wakipita na sare. Nikikumbuka hilo, damu inanichemka hata leo.

Nasikia ofisi nyingine nazo zinaleta kompyuta. Zije. Lakini nyinyi mnaozisimamia, nakilini kanda zenu, someni mlichoandika, ndipo muulize kama karatasi itupwe. Mtu mmoja hawezi kuutunzia mji mzima watoto wake chini ya kitanda, na sasa hata huyo mmoja hatunaye.